Paa la turubai la gari la kale: kwa nini swali la kwanza si kitambaa

Mwenye gari la kale la wazi, paa lake likianza kuvuja, hukutana na ushauri unaogongana. Muuza vipuri mmoja humwambia kitambaa hakina mpinzani. Mwingine humwuliza kwa nini alipe zaidi wakati gari lenyewe lilitoka kiwandani na vinili, ile plastiki laini yenye sura ya ngozi. Wapenzi wa magari ya kale humwonya kwamba akiweka kitu ambacho kiwanda hakikuweka, gari litapoteza thamani. Fundi wa siti wa mtaani naye ana lake: lete turubai nipime, nishone, jioni uondoke. Kila mmoja ana ukweli wake, ndiyo maana mabishano hayaishi. Lakini wote wanajibu swali moja, yaani juu kuvikwe nini, na hilo si swali la kuanzia. Kinachoamua kama paa jipya litazuia maji na kukaa miaka ni kiunzi kilicho chini yake. Ukishakielewa kiunzi, uchaguzi wa kitambaa hupungua uzito sana, na mara nyingi hujiamua wenyewe.

Kilicho chini ya turubai

Magari matatu yanatosha kuonesha jinsi mapaa haya yanavyotofautiana. MGB, gari dogo la Kiingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1962 na kukoma kutengenezwa mwaka 1980 katika kiwanda cha Abingdon, lilikuwa na paa jepesi la tabaka moja la vinili juu ya mbavu chache za chuma. Miaka ya mwanzo paa la kawaida lilikuwa la kuvuliwa lote na kuwekwa kwenye buti pamoja na vyuma vyake. Aliyetaka linalokunjika nyuma ya viti alilipa zaidi. Mwaka 1970 likaja paa jingine, kazi ya msanifu Michelotti wa Italia, ambalo lilikuwa rahisi zaidi kufungua na kufunga. Volkswagen Beetle ya wazi, iliyoundwa na kampuni ya Karmann mjini Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1949 hadi 1980, ni habari nyingine kabisa. Ndani ina kitambaa cha dari, katikati ina matandiko mazito, nje ndipo lipo vazi linaloonekana, na vyote hivyo vimepigiliwa kwenye kiunzi kinachochanganya chuma na mbao. Dirisha lake la nyuma ni la kioo halisi. Ndiyo maana paa hilo likikunjwa halipotei ndani ya bodi, hubaki limejaa juu nyuma ya kiti cha nyuma. Mazda MX-5, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Chicago Februari 1989, iko katikati: ina tabaka moja la vinili kama MGB, lakini ina waya pembeni za kukaza turubai juu ya vioo vya milango, na kwa nyuma ina mfereji wa plastiki unaopokea maji ya mvua na kuyapeleka kwenye mirija inayoteremka ndani ya bodi, nyuma ya milango.

Tofauti hizi ndizo zinazoeleza kwa nini ushauri unaomfaa mwenye gari moja humpoteza mwenzake. Katika MGB, turubai ni karibu paa zima, hivyo anayelibadilisha amefanya sehemu kubwa ya kazi. Katika Beetle, vazi la nje ni hatua ya mwisho ya kazi ndefu, na kulibadilisha peke yake huku mbao za chini zimeoza ni kupigilia pini kwenye unga. Katika MX-5 hatari iko kwenye maji. Mfereji ule wa plastiki hukauka na kupasuka kwa umri, na mirija yake huziba kwa majani na vumbi. Maji hayo huishia kwenye zulia, au hujaa ndani ya vizingiti vya milango na kuanzisha kutu mahali jicho lisipofika. Mwenye gari huona unyevu sakafuni, hulaumu turubai, hununua jipya la bei ya juu, kisha mvua ya kwanza inamrudisha alikotoka.

Chuma nacho huchoka, ingawa wengi hudai hakichoki. Paa lililofunguliwa na kufungwa kwa miongo kadhaa lina ribiti na bawaba zilizolegea. Mlegeo mdogo kwenye bawaba ya nyuma huwa mkubwa ukifika mbele, kwa kuwa mkono wa kiunzi ni mrefu. Ubavu wa mbele hauketi tena sawa juu ya kioo cha mbele, makomeo hayafiki mahali pake, na kioo cha mlango hakikutani na mpira. Fundi anayeijua kazi hii hulitazama hilo kabla ya kugusa mkasi. Hufunga milango, hupandisha vioo vyote, hufunga kiunzi kikiwa kitupu, kisha hupitisha kidole kati ya kioo na chuma kutoka mbele hadi nyuma, akitafuta mahali ambapo nafasi inapanuka au kubana. Hurekebisha bawaba hadi nafasi iwe moja pande zote mbili. Baada ya hapo ndipo hupiga mstari wa chaki katikati ya kila ubavu, na mwingine katikati ya turubai jipya, ili akilitandaza mistari ikutane. Turubai likihama kidogo kushoto, mkunjo wake utaonekana kulia daima, na hakuna joto wala mvuto utakaouondoa. Kazi hiyo ya saa kadhaa haitajwi katika tangazo lolote la turubai, na ndiyo inayotofautisha paa linalokaa kimya barabarani na lile linalopepea na kupiga filimbi.

Hoja za wanaopenda vinili

Vinili ina sifa za kweli ambazo wapenzi wa kitambaa huzipuuza. Kwanza, haipitishi maji, kwa kuwa yenyewe ni plastiki, na maungio yake yanaweza kuunganishwa kwa joto badala ya sindano. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Pili, ikipashwa joto hulainika na kuvutika, kisha hubaki na umbo ililopewa. Sifa hii humwokoa fundi mwenye uzoefu mdogo, maana kosa dogo la kipimo husamehewa. Tatu, huoshwa kwa maji na sabuni nyepesi ikatakata, jambo lenye uzito kwa anayeishi kando ya barabara ya vumbi. Na bei yake ni ya chini.

Udhaifu wake unatokana na kile kile kinachoipa ulaini. Plastiki hii kwa asili ni ngumu. Viwandani huchanganywa na vilainishi, na vilainishi hivyo havikai ndani milele. Joto huvifukuza kidogo kidogo, na mionzi ya urujuanimno huharibu plastiki yenyewe. Vinili ikipoteza vilainishi hunywea, hukakamaa, kisha hupasuka, na hupasuka kwanza pale inapokunjwa kila siku. Jambo hili lina maana mahususi kwa Afrika Mashariki. Jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima, na Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hupokea mionzi mikali zaidi hata siku ambazo hewa ni ya baridi. Paa la vinili lililohesabiwa kwa kipupwe cha Uingereza linaishi maisha mengine hapa. Kunywea kwake pia kuna matokeo yanayorudi kwenye kiunzi: turubai lililopungua huvuta ubavu wa mbele kurudi nyuma, dereva akalazimisha makomeo kwa nguvu, na ribiti zikazidi kulegea.

Hoja za wanaopenda kitambaa

Hapa mkanganyiko huanza kwenye bidhaa yenyewe. Mohair ya zamani ilifumwa kwa manyoya ya mbuzi wa Angora. Kinachouzwa leo kwa jina hilo, mara nyingi, ni akriliki, yaani nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Hilo si udanganyifu wa ubora, maana kitambaa cha kisasa kinazidi cha zamani kwa mambo mengi. Kinachojulikana zaidi, Stayfast cha kampuni ya Haartz ya Acton, Massachusetts, kina tabaka tatu: nje akriliki iliyofumwa, katikati mpira wa butili, ndani kitambaa cha bitana. Maji huzuiwa na ule mpira wa katikati, si na nyuzi za nje. Rangi nayo huingizwa kwenye akriliki kabla uzi haujavutwa, hivyo jua haliimenyi kwa urahisi kama linavyomenya rangi iliyopakwa juu. Kwa nchi za jua kali, hiyo ni hoja nzito. Kitambaa hunywea kidogo kuliko vinili, hakikakamai katika baridi, hupunguza kelele za upepo, na ni kizuri zaidi kukitazama, jambo ambalo mwenye gari la kale ana haki ya kulijali.

Lakini kitambaa ni kizito na kinene zaidi, na hakivutiki. Fundi akikosea upana, hakuna joto litakalomsaidia. Kikivikwa kwenye kiunzi kilichosanifiwa kwa vinili nyembamba, mara nyingi kinakuwa cha kubana mno wiki za mwanzo, makomeo yanakuwa magumu, na paa linahitaji kuachwa limefungwa kwa muda hadi kitambaa kitulie. Kikikunjwa, mikunjo yake minene hutafuta nafasi ambayo msanifu hakuiacha. Halafu kuna uchafu. Vumbi hunasa katikati ya nyuzi na kuzisaga kila paa linapokunjwa, kwa hiyo brashi laini ni sehemu ya matunzo. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, unyevu hukaa ndani ya nyuzi na kuzaa ukungu, hasa kwa mtu mwenye tabia ya kukunja paa likiwa bado na majimaji. Nao wanaodai kwamba kitambaa ni bora daima kwa sababu magari ya bei kubwa hukitumia wanasahau kwamba viunzi vya magari hayo vilipimwa kwa kitambaa tangu mwanzo. Jaguar E-Type, iliyotoka 1961, ilivikwa mohair kwa kuwa kiunzi chake kiliundwa kwa ajili ya mohair. MGB haikuwa hivyo.

Uzito wa uhalisia

Hoja ya uhalisia ndiyo inayochemsha damu za watu kuliko zote, na inastahili kujibiwa kwa makini. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, huhesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha angalau miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria na lisitumike kama usafiri wa kila siku. Mkataba wake wa Turin, ulioridhiwa 2012, unaweka uhifadhi mbele ya ukarabati, na unataka mabadiliko yaandikwe kumbukumbu na, inapowezekana, yaweze kurudishwa nyuma. Wanaoshikilia vinili kwa MGB au MX-5 huegemea hapo, na wana mfano wenye nguvu. Mwaka 2017 Mazda yenyewe ilitangaza nchini Japani huduma ya kuzikarabati MX-5 za kizazi cha kwanza, na miongoni mwa vipuri ilivyovifufua limo paa la turubai lenye sura ile ile ya awali. Kiwanda kilikuwa na uwezo wa kuboresha, kikachagua kurudia.

Hata hivyo, ukiusoma mkataba huo kwa roho yake, unaunga mkono kiunzi kuliko vazi. Turubai ni kitu kilichotengenezwa kikijulikana kuwa kitachakaa, kama matairi na mikanda ya injini. Gari la miaka 50 ambalo bado lina turubai lake la kwanza ni nadra, na hilo ndilo linalostahili kuokolewa kwa viraka na subira badala ya kubadilishwa. Lakini kwa gari ambalo tayari limevaa turubai la tatu au la nne, historia iliyobaki iko kwenye chuma, mbao, makomeo na alama za kiwandani. Mwenye gari anayenunua vinili sahihi hadi kwenye chembe za uso wake, kisha akaruhusu kiunzi kikatwe na kuchomelewa ili kuficha kasoro, amehifadhi kile kinachonunulika na kuharibu kisichonunulika. Kwa upande mwingine, kitambaa cha akriliki kilichofungwa kwa gundi na pini kwenye mbavu ambazo hazikuguswa kinaweza kutolewa siku yoyote na vinili ikarudi. Kwa kipimo cha kurudishwa nyuma, mwenye gari huyu wa pili ndiye mhafidhina wa kweli. Asiyekubali hoja hii ni yule anayepeleka gari mashindanoni, kwa mfano Africa Concours d'Elegance inayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Yeye anapaswa kuwasikiliza waamuzi wake kabla ya kuwasikiliza waandishi.

Dirisha la nyuma

Juu ya dirisha jibu ni fupi zaidi. Plastiki angavu hugeuka njano, huchubuka, na huvunjika ikikunjwa katika baridi. Ndiyo maana MX-5 ya kwanza ilipewa zipu ili dirisha lilazwe kabla ya kukunja paa. Kizazi cha pili, kilichoingia sokoni 1998, kilikuja na kioo chenye waya za kukausha ukungu, na kwa kuwa viunzi vya vizazi hivyo viwili vinakaribiana sana, paa la kioo linaingia kwenye gari la kwanza bila kukata kitu. Hapo kuchagua kioo ni busara tupu. Katika MGB, kiunzi hakikuacha nafasi ya kioo kisichopinda, na kukilazimisha ni kuomba mpasuko. Yaani hata kwenye dirisha, kiunzi ndicho kilichotoa uamuzi.

Lililoshonwa tayari au la kushonesha

Wingi wa gari ndio unaoamua upatikanaji. MGB zilitengenezwa zaidi ya 500,000, ukijumlisha zile za paa la chuma, na MX-5 ilivuka milioni moja mwaka 2016. Soko kubwa hivyo limewapa washonaji wa Uingereza na Marekani sababu ya kutengeneza violezo vizuri, na turubai la magari haya hununuliwa likiwa limeshonwa na kutobolewa mahali pake. Kwa gari lililotoka machache, hakuna njia ila kushonesha.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Kampala, hesabu inaongezewa ushuru na nauli, na kishawishi cha kumpa kazi fundi wa siti ni kikubwa. Kishawishi hicho si cha kudharauliwa. Mafundi wetu wanashona viti, vifuniko vya pikapu na mahema kwa ustadi mkubwa, na turubai la zamani likifumuliwa mshono kwa mshono linatoa kiolezo cha kutosha. Mipaka iko kwenye vitu vitatu. Turubai la lori halikutengenezwa kukunjwa kila siku. Uzi wa pamba huoza na uzi wa kawaida wa polista hupungua nguvu juani, wakati ule wa PTFE, aina ya plastiki, unastahimili mionzi kwa muda mrefu zaidi. Na gundi ya viatu huachia paa likipata moto wa saa nane mchana. Fundi yule yule akipewa kitambaa sahihi, uzi sahihi na gundi inayostahimili joto, anaweza kutoa kazi inayokaribia ya nje. Kosa la wengi ni kubana fedha kwenye uzi na gundi, vitu vya bei ndogo kuliko vyote katika kazi nzima. Kosa la pili ni kuchukua kiolezo kutoka kwenye vinili iliyonywea bila kuongeza kile ilichopoteza, na paa jipya likazaliwa fupi.

Mizani

Pingamizi lenye nguvu dhidi ya msimamo wa kuanza na kiunzi ni la fedha: kukarabati kiunzi, kubadilisha mipira, mfereji na mikanda ya kiunzi kunaweza kuzidi bei ya turubai lenyewe, na si kila mwenye gari la kale ni tajiri. Ni kweli. Lakini gharama hiyo haiepukiki kwa kuahirishwa. Paa jipya hufungwa kwa gundi, pini na ribiti, na ukitaka kurudi kwenye kiunzi baadaye utalazimika kulifumua, mara nyingi ukiliharibu. Kwa hiyo anayeanza na kitambaa analipa kazi ya mikono mara mbili, na kazi ya mikono ndiyo sehemu kubwa ya hesabu kwenye paa la Beetle. Kama fedha ni chache, mpangilio wenye mantiki ni kiunzi na mipira kwanza, uzi na gundi nzuri pili, kisha vinili ya kawaida juu. Paa hilo litalishinda la jirani lililovikwa akriliki ya bei kubwa juu ya bawaba zilizolegea.

Kwa mwenye nafasi ya kuchagua, gari linalolala nje juani linastahili akriliki pale ambapo kiunzi kina nafasi ya kuipokea. Beetle inayo, na MX-5 inayo ikipewa muda wa kutulia. MGB yenye paa la kuvuliwa ibaki na vinili, kwa sababu wepesi ndio sababu ya paa hilo kuwepo. Gari la pwani linalotembea mara chache na kulala bandani halina haja ya kukimbilia kitambaa, maana adui yake ni unyevu kuliko jua, na vinili haina nyuzi za kufuga ukungu. Na kama kiunzi bado hakijapata fundi wake, turubai bovu lisifumuliwe. Litiwe kiraka kwa ndani, mirija izibuliwe, gari liegeshwe kivulini. Turubai lile la zamani, hata likiwa limechanika, bado ndilo kiolezo bora cha litakalofuata.